Vifuniko vya Gari la Anselme

Kilio cha mume wangu kilikuwa karibu kuvunjwa, majirani wameanza kukusanya viti vyao, alipoingia uani mzee mmoja mwenye fimbo, koti likimbana mabegani, akaketi bila kumsalimia mtu. Wanangu hawakumfahamu. Mimi nilimfahamu kwa namna alivyokipangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia. Alikuwa Anselme, ambaye tangu ujana wetu tulimwita Musyo Anselme, yaani Bwana Anselme, na ambaye amezeekea Bujumbura, ng'ambo tu ya mpaka, lakini miaka ilikuwa imepita bila sisi kuonana. Watu wa kwetu wakija kwenye kilio huuliza ugonjwa ulianzaje, marehemu alisema nini mwisho, nani alikuwa karibu naye. Yeye aliniinamia akaniuliza, "Shemeji, ile kapo ya aluminiamu iliishia wapi?" Mwanangu mkubwa alinitazama kama anayetaka kumwondoa mzee yule kwa heshima. Mimi nilicheka. Nilicheka kwenye kilio cha mume wangu, kitambaa cheusi kichwani, nikamjibu, "Tuliikula, Musyo." Ikabidi nieleze kwamba tuliporudi Uvira baada ya vita tukakuta nyumba haina kitu ila kapo ile, mume wangu Kashindi aliiyeyusha akamimina masufuria, na masufuria yale tukayabadilisha kwa mihogo na ndagala, dagaa wa ziwani. Anselme alifikiri kidogo, akasema lilikuwa bati zuri, bila shaka lilipika vizuri. Kisha akalia, na hapo ndipo wanangu walipojua kuwa amekuja kulia kama wengine.

Wajukuu waliniuliza baadaye kapo ni nini na kwa nini mzee amelia kwa ajili yake. Kapo ni lile bati linalofunika moteri, yaani injini, ya gari mbele. Kule nyuma panapowekwa mizigo tulipaita kofre, na pana kifuniko chake pia. Mwaka mmoja wa ujana wangu ulipita wote katika kuchagua vifuniko hivyo viwili kwa ajili ya gari moja, na ingawa mwaka huo huo nchi yetu, iliyokuwa imepata uhuru juzi tu, ilianza kupigana yenyewe kwa yenyewe, nikiufikiria sasa naona zaidi bati likigongwa, na mwanamume mwembamba ameinama juu yake ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Nimeandika haya kwa sababu wale wajukuu wanamkumbuka babu mgonjwa tu.

Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya garaje, kwenye barabara inayokwenda bandarini Kalundu. Mzungu mwenye garaje alikuwa ameondoka baada ya uhuru, akamwachia Kashindi ufunguo na maneno machache, na Kashindi, aliyekuwa akiitwa boyi wa garaje, akawa fundi wa mabati bila mtu kumtangaza. Chumba chetu kilikuwa zamani ghala la mipira ya magari. Tulikifagia, tukakipaka chokaa, lakini jua la mchana likikaza harufu ya mpira ilitoka ukutani kama mwenye nyumba aliyerudi. Meza yetu ilikuwa ubao juu ya rimu ya lori. Hapo tulikula ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na ndagala nilizokaanga mwenyewe kwa mawese hadi zikavunjika mdomoni. Dirisha lilitazama ziwa, ukuta wa pili ulikuwa wa mbao tu, na ng'ambo yake ndiko mafundi na wateja walikozungumza. Nilisikia kila neno. Mke mpya hujifunza mengi juu ya mumewe kwa kusikia anavyosema na wengine, na mimi nilijifunza kuwa wangu alikuwa mtu wa kukubali upesi akiambiwa kweli, na wa kununa polepole, kwa siku nzima, akiwa yeye ndiye aliyekosea.

Kabla ya mwaka huo tulikuwa tumempoteza mtoto wetu wa kwanza. Hakufa kwa ugonjwa. Alichelewa kutoka, nikateseka mpaka alipotoka amenyamaza. Mama Elisabeti, mkunga wa misheni, alinipima kwa mikono yake akasema njia yangu ni nyembamba na kwamba nikibeba mimba tena nisizalie Uvira. Nipelekwe Usumbura, hivyo ndivyo bado tulivyouita mji wa Bujumbura, kwenye hospitali yenye daktari wa kupasua, na nipelekwe upesi uchungu ukianza. Alilisema neno "upesi" akimtazama Kashindi, si mimi. Sikukaa sana nikapata mimba nyingine. Malori ya kwenda Usumbura yalikuwa yakiondoka yanapojaa, yakisimama kila mahali kupakia samaki na wanawake wa soko. Kashindi alikuwa akigonga mabati ya magari ya watu kutwa, naye hakuwa na gari.

Ndipo Anselme alipokuja. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha pamba, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyesoma shule moja na Kashindi mpaka Kashindi alipoacha. Mzungu wake alipoondoka alimwachia gari dogo la kijani, la watu wawili, la mashindano, lililotengenezwa kukimbia na si kubeba. Zamani Wazungu walishindana nalo kwenye barabara ya uwanda wa Ruzizi, sisi tukitazama kutoka mashambani. Lakini tawi la mkaratusi lilikuwa limeangukia mbele likaivunja kapo kabisa, na kifuniko cha kofre kilikuwa kimeibwa. Anselme alikitafuta akakigundua Mulongwe, kimekuwa mlango wa banda la kuku. Mwenye kuku alikataa kukirudisha. Alisema kuku wamekwisha kukizoea, kikiondolewa hawatalala, nani atalipa mayai? Anselme alituhadithia hayo amekaa kwenye rimu nyingine ya lori, sahani ya sombe magotini, na hata yeye alicheka, ingawa kifuniko kilikuwa chake.

Alichotaka ni gari likimbie tena, safari hii chini ya mikono ya mtu wa hapa, kwenye mashindano ambayo vijana wa ofisini walikuwa wakiyapanga kwa sikukuu ya uhuru. Kashindi alimsikiliza, akaendelea kula, akanawa mikono. Kisha akamwambia kuwa hataki malipo. Alinionyesha kwa kidevu, tumbo langu likiwa bado dogo, akamweleza maneno ya Mama Elisabeti yote bila kuficha lolote, mambo ambayo wanaume wa kwetu hawasemi mbele ya mwanamume mwingine. Nilitazama chini. Anselme aliweka sahani, akasema, "Siku yake ikifika, minye nitamupeleka mwenyewe, kwa mukono wangu." Tangu siku hiyo kila nyundo iliyogongwa kwenye bati lile niliisikia tumboni.

Basi ikaja kazi ya kuchagua. Usumbura kulikuwa na mfanyabiashara wa magari mabovu aliyekuwa na gari la aina ile ile lililopinduka, na kapo yake ilikuwa nzima, lakini ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine kabla Kashindi na Anselme hawajafika. Yakabaki mambo mawili. Kulikuwa na bati la mapipa ya mafuta, gumu, zito, rahisi kupatikana. Na kulikuwa na aluminiamu, nyepesi, ya mashua ya Mzungu mmoja iliyoachwa ufukweni Kalundu ikiwa na tumbo lililotoboka. Anselme alitaka aluminiamu. Alisema gari la mbio linashindwa na uzito wa mbele, usukani unakuwa mgumu kwenye kona, na kofre ikiwa nzito nyuma inalivuta kama mtoto anayemvuta mama yake sokoni. Kashindi alisema aluminiamu inapinda kama sikio la mbuzi, jiwe moja la barabarani likiruka litaacha shimo. Walibishana siku nyingi, kila mmoja akisimama upande wake wa gari, na mimi ng'ambo ya mbao nikichambua sombe.

"Weye unataka gari ya kukimbia," Kashindi alimwambia siku moja. "Minye nataka gari ya kufika."

"Gari ya kukimbia ndiyo inafika, ndugu yangu. Ile ingine inafika wakati batu banakwisha kulia."

Nilimsikia Kashindi akitafuta mkasi wa bati. Kesho yake alikwenda Kalundu kukata mashua.

Hata hivyo hakuthubutu kuanza na bati lile zuri. Alitengeneza kwanza vifuniko viwili vya pipa, kapo na cha kofre, ili mkono wake ujue umbo, kama mshonaji anavyokata kwanza kwenye gazeti. Vilikuwa vibaya, vimejaa mabonde, na maandishi ya kampuni ya mafuta bado yanasomeka nusu nusu. Aliviegemeza ukutani. Kisha akaanza aluminiamu. Bati hilo lazima lilainishwe kwa moto kabla ya kugongwa, lakini halibadiliki rangi kama chuma. Unalitazama ni lilelile, mara limeyeyuka miguuni pako. Mzungu wake alikuwa amemfundisha dawa yake, nayo ni sabuni. Unalipaka bati sabuni, unapitisha moto chini, na sabuni ikiwa nyeusi bati limekwisha kulainika, ondoa moto. Sabuni ilikuwa yangu, ya mawese, niliyopika mwenyewe, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaka. Nilisimama upande mmoja na kitambaa, yeye upande wa pili na moto, nami nikimwambia "bado, bado, sasa". Wateja waliotupita walidhani tunafua gari. Mpaka leo nikiona sabuni inageuka rangi kwenye maji machafu, "sasa" inakuja mdomoni.

Kugonga kulihitaji mto wa ngozi uliojaa mchanga, ili bati liingie ndani taratibu bila kuchanika. Ngozi aliileta Muhire, mfugaji wa Bijombo milimani, aliyekuwa akiteremka na siagi na kukaa kwetu kupumzisha miguu. Alikuwa Mprotestanti wa kweli, hakunywa hata bia ya ndizi, na kabla ya kula ndagala zetu alizifunika kwa maombi marefu mpaka zikapoa. Aliichagua ngozi ya shingoni, nene, akamsaidia Kashindi kuishona kwa kamba ya ngozi hiyo hiyo. Hakutaka kitu. Alisema tu kwamba mwanamke aliyepoteza mtoto ni mgeni wa kila nyumba. Yeye na sisi hatukuwa wa kabila moja, na yaliyokuja baadaye kati ya watu wake na wetu kule milimani yalitia uchungu mwingi ambao sitauandika hapa. Lakini ngozi ile aliitoa, na kwa mikono yake aliishona, na mimi ni shahidi.

Kapo ilipokamilika ilikuwa kitu cha kutazamwa. Ilipinda kama mgongo wa samaki anayegeuka majini. Hata wavuvi waliacha nyavu wakaja. Lakini Kashindi alikuwa mtoto wa fundi wa mitumbwi, aliyekulia kati ya watu ambao kazi yao yote ni kuzuia maji yasiingie. Anselme alimwambia kuwa kapo ya zamani ilikuwa na nafasi za kupitisha hewa. Kashindi alizikumbuka, akasema zile zilikuwa urembo wa Wazungu, vumbi la uwanda na mvua vingeingia humo vikaua moteri. Kama baba yake alivyoziba mitumbwi, aliziba kingo zote za kapo kwa pamba iliyolowekwa lami, akaikandamiza kwa kidole, akapitisha kisu. Tone la maji lisingepita. Alijivunia pamba ile kuliko umbo lenyewe.

Walilijaribu gari siku ya soko, kwenye barabara iliyonyooka ya uwanda. Mimi nilibebwa nyuma ya lori la mihogo pamoja na Muhire ili nione. Gari lilitupita likilia kama nyuki, kijani na fedha, kifuniko kipya cha kofre kikimeta nyuma, na wakulima wa Lubarika walisimama na majembe. Tulilikuta mbele kidogo limesimama. Moshi ulikuwa ukitoka chini yake, na ile lami, iliyoyeyuka kwa joto, ilikuwa ikitiririka juu ya moteri kama uji uliofurika. Moteri ilichemka kwa sababu ilifungiwa kama mtumbwi na haikuwa na pa kupumua. Anselme alikuwa amevua tai. Kashindi alisimama na vidole vilivyoungua akiwa ametazama milima. Muhire alilizunguka gari, akakumbuka mto wake wa ngozi, akasema polepole, "Ng'ombe wangu hakupata kukimbia hivi akiwa hai." Hapo tukacheka sote isipokuwa mmoja.

Yule mmoja hakula siku hiyo. Kesho yake nilisikia Anselme amekuja, nikangoja amkemee. Hakumkemea. Alimwambia kuwa hata yeye, kama angekuwa mtoto wa mitumbwi, angeziba. Kashindi akachukua patasi akakata nafasi kwenye kapo, mlalo, moja nyuma ya nyingine, kila moja imeinuliwa kidogo kama shavu la samaki. Alizikata bado amenuna, na kila aliyepita akajua asimsemeshe. Gari halikuchemka tena. Mimi nilianza kulala vizuri. Nilihesabu kichwani barabara yote, Kavimvira, mpaka, daraja la Ruzizi, hospitali, na kila nilipofika mwisho mtoto aliruka tumboni.

Mashindano hayakufanyika. Waasi waliteremka kutoka milimani, vijana wengi wao, wenye majani vichwani na chale za dawa kifuani, wakiamini risasi zitageuka maji. Askari wa serikali walikimbia. Watu wengi mjini waliwashangilia mwanzoni, nami siwezi kusema hawakuwa na sababu, maana uhuru ulikuwa umewafikia wachache. Lakini walianza kuwatafuta makarani. Mtu mwenye tai, mwenye kalamu mfukoni, mwenye viatu vya ngozi, aliitwa msaliti wa watu, na baadhi ya waliochukuliwa kwa jina hilo hawakurudi. Magari mazuri yote yalichukuliwa. Anselme aliingia kwetu mchana mmoja amevaa kaptula ya Kashindi, akakaa nyuma ya mipira mibovu tuliyoirudisha chumbani ili kumficha. Kashindi aliondoa vifuniko vyote vinne, vile viwili vya fedha na vile viwili vya pipa, akavitawanya, akaliacha gari wazi kama mzoga katikati ya garaje. Wale vijana walikuja, wakalitazama, wakalipiga teke gurudumu, wakaondoka.

Tuliishi hivyo wiki kadhaa, watatu katika chumba kimoja. Nakumbuka jinsi Anselme alivyokula, taratibu, akiokota mfupa wa mwisho wa ndagala, na jinsi alivyonisimulia vitabu alivyosoma ili nisahau mgongo unavyouma. Sijawahi kukaa na mwanamume aliyeona haya kiasi kile kwa kunywa maji ya mtu. Jioni moja Kashindi alimwambia kuwa ikiwa anaweza kuvuka kwa miguu kupitia mashamba ya mpunga avuke, ile ahadi ya gari tumekwisha kuisamehe. Anselme alijibu kuwa hakuiweka ili isamehewe.

Uchungu ulianza asubuhi, jua limeshatoka. Kashindi alitoka nje mara moja, nami nilimsikia akisimama katikati ya garaje. Alikuwa akichagua. Barabarani kulikuwa na kizuizi Kavimvira. Gari lenye kapo ya fedha lingenyang'anywa kabla halijasimama vizuri, kwa hiyo mbele aliweka ile mbaya ya pipa, yenye maandishi nusu na mabonde, akaipachika juu ya vipande vya mpira ili iache nafasi ya hewa pande zote. Kofre ilikuwa jambo lingine. Humo ndimo angelala Anselme, maana makarani walikuwa wakijulikana kwa sura, na kama angekuwa dereva tungekamatwa sote. Kifuniko cha pipa kilikuwa kizito. Mtu aliyelala amejikunja asingeweza kukiinua, na gari likipata ajali au likiachwa juani angekufa ndani yake. Kashindi alichukua kile chepesi cha aluminiamu, akakichafua kwa masizi na mafuta mpaka hakikujulikana, akakilaza bila bawaba, kikishikwa na mkanda mmoja wa ngozi tu, unaofunguka ukisukumwa.

"Ukiona hewa inakwisha, sukuma kwa mukono moja," alimwambia Anselme. "Iko nyepesi tu kama sahani."

"Na kama banafungua bo benyewe?"

Kashindi alikaza mkanda. "Basi tutakuwa batu babili, si weye peke yako."

Alisema wawili. Sisi tulikuwa watatu, na wa nne njiani, lakini nilimwelewa. Aliniweka mbele, kiti amekilaza, mgongoni ameniwekea ule mto wa Muhire baada ya kumwaga mchanga na kujaza nguo.

Kavimvira walitusimamisha. Walikuwa vijana, wengine wadogo kuliko mimi. Mmoja aliigonga kapo kwa mkuki akauliza gari gani hili lenye kichwa cha pipa. Kashindi aliwaambia ni pipa kweli, wakubwa, na kwamba zamani lilibeba mawese, wakitaka walinuse. Walicheka. Nilidhani tumepita. Kisha mkubwa wao, aliyekuwa na ngozi ya mnyama kichwani, akauliza kuna nini nyuma, akaanza kuja upande wangu, maana upande wa pili kulikuwa na mtaro. Sikupanga nilichofanya. Uchungu ulinikamata pale pale na maji yalinitoka, yakapita kwenye sakafu ya gari iliyokuwa na kutu, yakadondoka barabarani mbele ya miguu yake.

Wale vijana walikuwa na sheria za dawa yao. Hawakutakiwa kuguswa na mwanamke, na maji ya uzazi yalikuwa mabaya kuliko risasi. Yule mkubwa aliruka nyuma. Mmoja wa wenzake alimshika mkono akimvuta, akisema, "Usikanyage, dawa itakufa." Wote walirudi kando ya barabara, wakinitazama kwa woga ambao sijapata kutazamwa nao tena. Mkubwa alisimama mbali akampigia Kashindi kelele apite, apite mbio na bibi yake, na asirudie njia hii. Kashindi alipita. Hakukimbiza gari mpaka tulipopotea machoni pao. Mimi, niliyeomba miezi yote ile maji yale yasitoke kabla sijafika, nilimshukuru Mungu kwa kuyatoa.

Tulipovuka mpaka, mahali penye matete pande zote, nilisikia mkanda ukifunguka. Anselme alitoka mwenyewe, shati jeusi, goti linavuja damu, macho yamevimba kwa vumbi. Alikuja kwenye mlango wa dereva. Hakujipangusa. Alimwambia Kashindi, "Shuka, ndugu. Minye nilisema nitamupeleka kwa mukono wangu." Kashindi alimtazama, akashuka. Gari lilikuwa la watu wawili. Basi Kashindi alipanda kwenye kofre, akakaa miguu ndani, ameligeuzia gari mgongo, ametazama tulikotoka, na kile kifuniko kisicho na bawaba amekikumbatia magotini kwa mikono yote miwili. Anselme aliendesha kama alivyoota kuendesha kwenye mashindano yake. Upepo ulivuma. Katika kioo kidogo niliona mgongo wa mume wangu na ukingo wa bati ukitetemeka, na zaidi ya hapo milima ya Uvira ikirudi nyuma. Hakugeuka hata mara moja. Miaka baadaye nilimuuliza kwa nini hakugeuka kunitazama, nami napiga kelele vile. Alisema, "Ningegeuka, kifuniko kingeruka." Nilijua anasema kweli. Hakuwa mtu wa kuacha kazi yake iruke, wala wa kutazama asichoweza kusaidia.

Daktari alinipasua. Mtoto alitoka akilia, msichana, mweusi wa hasira. Nilipozinduka niliwasikia mlangoni wauguzi wakibishana na mtu. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia, na huyu, walisema, amebeba bati la gari kwapani, limejaa mafuta na masizi, na anakataa kuliacha nje kwa sababu huko nje vitu vinaibwa. Mmoja wao alinionea huruma akamwachia. Kashindi aliingia akitembea upande kwa upande ili bati lisigonge vitanda. Alisimama mbele yangu. Nilitaka kumwambia mambo mengi, lakini muuguzi alikuwa amekwisha kumnyooshea mtoto.

Alimtazama mtoto, akatazama kile kifuniko, kama mtu aliyeambiwa achague. Kisha akainama, akakilaza sakafuni taratibu, kisitoe sauti, akaipangusa mikono yake kwenye shati, akampokea.